Kubaki Ligi Kuu nako ni mpango

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Mbagala, kauli moja huwagawa watu kila mzunguko wa pili wa ligi unapoanza: "Uongozi umeomba miaka mitatu." Safari hii imetolewa kuhusu timu moja ndogo ya jiji hili. Sitaitaja, kwa sababu hali yake ni ya timu nyingi. Iko mkiani. Viongozi wakakutana na mashabiki, wakasema kocha haondoki, vijana waliopandishwa kutoka timu B hawarudishwi, na dirisha dogo la usajili likifika hakuna shilingi itakayotoka kwa ajili ya wakongwe wa mkataba wa miezi sita. Timu ikishuka itashuka na mpango wake, na itapanda nao.

Vijana wakapiga makofi. Wazee wakanyamaza, kisha mmoja wao akauliza taratibu: "Na mishahara ya huko chini nani analipa?" Mwenyekiti akasema hilo litaangaliwa, akaita swali linalofuata.

Tangu siku ile wazee wamepewa majina. Wanaambiwa ni watu wa matokeo, hawana subira, wamezoea Simba na Yanga wanaofukuza kocha kwa sare mbili. Nadhani hawakusikilizwa. Nimekaa nao muda wa kutosha kujua kwamba subira wanayo. Wanachoogopa ni kitu ambacho kijana wa miaka ishirini hajakiona bado.

Wenye mpango nao wapewe haki yao kwanza, maana hoja yao haikutoka hewani. Januari ni mwezi mbaya kwa timu iliyo mkiani. Wakala anajua una shida, mchezaji anajua, bei inapanda na kiwango kinashuka. Unasaini watu sita, watatu hawako fiti, na Juni unabaki na mikataba usiyoweza kuilipa wala kuivunja. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Agosti 2023 tuliona sura ya adhabu hizo pale Chamazi. Tabora United, iliyopanda kwa jina la Kitayosce, iliingia uwanjani dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane, kwa kuwa usajili wake ulikuwa umekwama. Ikafungwa manne mapema, wengine wakaumia, idadi ikawa chini ya saba na mwamuzi akalazimika kumaliza mchezo. Watu waliolipa viingilio wakatoka nje mapema. Anayesema hataki timu yake ifike hapo anasema jambo la maana.

Na mpango ukishika, unashika kweli. Azam ilipanda 2008, ikajenga uwanja wake palepale Chamazi, ikalea vijana, na msimu wa 2013/14 ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mtu wa Mbagala hahitaji kusimuliwa habari hiyo, anapita na daladala mbele ya geti. Lakini Azam haikujenga ikiwa na maji shingoni. Ilikuwa na mwenye mali nyuma yake, ikajenga ikiwa salama.

Kuna hesabu moja ambayo nimekuwa nikiirudia kichwani tangu mkutano ule. Mwaka 2023 KMC ya Kinondoni iliangukia kwenye mchujo, ule ambao timu ya 13 na ya 14 zinapimana, mshindi anabaki, aliyeshindwa anakwenda kupigania roho yake na timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. KMC ikakutana na Mbeya City, ikapita, ikabaki. Msimu uliofuata ikamaliza ya tano. Msimu huohuo Tabora United, ileile ya wachezaji wanane, nayo ikaangukia kwenye mchujo. Ikapoteza kwa JKT Tanzania, ikabakiwa na mlango mmoja tu, Biashara United ya Mara. Ikapenya. Msimu wa 2024/25 Tabora ikaja hapahapa Dar ikaifunga Yanga 3-1, na mwisho wa ligi ikakaa ya tano.

Miaka miwili mfululizo, timu iliyoponea kwenye mchujo ikawa ya tano msimu uliofuata. Sasa tazama waliokuwa upande wa pili. Mbeya City iliyoshindwa na KMC ikaenda kupoteza tena kwa Mashujaa, ikashuka, na ikahitaji misimu miwili huko chini hadi kurudi 2025. Biashara United iliyokosa nafasi mbele ya Tabora haikuweza kurudi msimu uliofuata. Jioni walipoanza mchujo, timu hizi zote zilikuwa na hofu ileile, na pengine hata ubora wao haukuachana sana. Dakika 180 zikazipeleka kwenye maisha tofauti kabisa.

Najua nitakachoambiwa, na kijana mmoja kijiweni alishaniambia: "Kaka, timu mbili si kanuni. Halafu hao hawakuwa na mpango wowote, walisajili tu." Timu mbili si kanuni, nakubali. Tabora ilinunua wachezaji wengi, nalo nakubali. Lakini tuiangalie KMC vizuri. Baada ya kunusurika ndipo ilipompata Abdihamid Moallin, kocha aliyetokea Azam, na timu ikabadilika mikononi mwake mpaka mwaka 2024 Yanga wakamchukua. Je, kocha wa namna hiyo angekubali kwenda kuanza nayo Championship, kwa mshahara wa Championship? Mpango mzuri wa KMC ulikuja baada ya kubaki. Kubaki ndiko kulikomleta mtu wa kuutekeleza.

Fedha nazo zinasema hivyohivyo. Mkataba wa televisheni uliosainiwa 2021 kati ya TFF, shirikisho la soka la nchi, na Azam Media ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka, na ni mkataba wa Ligi Kuu. Kwa Simba na Yanga ni nyongeza. Kwa timu ndogo ndiyo kambi, ndiyo mafuta ya basi kwenda mikoani na kurudi. Ukishuka, hela hiyo hushuki nayo. Mdhamini wa jezi naye alikuwa ananunua kuonekana, na sasa huonekani. Mchezaji wako bora ana wakala anayepiga simu kabla hata ya mechi ya mwisho. Mpango uliandikwa kwa bajeti ya juu, na Julai unatakiwa uendeshwe kwa bajeti ya chini, na watu wawili watatu waliobeba jina la mpango wameshaondoka.

Ndipo nafika kwa wale ambao wazee wanawakumbuka. Mwaka 2020 timu tano zilitoka Ligi Kuu: Singida United, Lipuli, Ndanda, Alliance na Mbao. Mwaka uliofuata zikatoka nne: Mwadui, Gwambina, Ihefu na JKT Tanzania. Jumla tisa kwa misimu miwili. Zilizoonekana tena Ligi Kuu ni mbili, Ihefu na JKT. Saba bado hazijarudi. Mtwara ilikuwa inajaza uwanja wa Nangwanda kwa ajili ya Ndanda. Iringa nzima ilikuwa inazungumza Lipuli.

Katika hao saba, anayenikaa moyoni ni Alliance. Kama kuna timu iliyokuwa na mpango wa muda mrefu nchi hii, ni ile ya Mwanza, iliyozaliwa ndani ya shule na kituo cha kulea vipaji. Vijana walikuwa wanasoma hapo, wanalala hapo, wanapanda ngazi kutoka timu za watoto hadi ya wakubwa. Chochote ambacho viongozi wetu waliandika kwenye karatasi yao, Alliance walikuwa nacho kwa matofali. Ikashuka 2020, na kuwa na kituo hakukutosha kuirudisha. Kituo hakikufa, na Alliance Girls wameendelea kuheshimika kwenye ligi ya wanawake, kwa hiyo siwezi kusema kazi ilipotea bure. Lakini aliyekuwa anasubiri kuwaona wale vijana wakicheza na Simba pale Kirumba, anasubiri mpaka leo.

Mtu wa mpango atanitajia Mtibwa Sugar, na hapo ananibana kweli. Mabingwa wa 1999 na 2000, timu iliyolea nusu ya wachezaji tunaowapigia makofi: Kichuya na Mzamiru waliokwenda Simba 2016, Dickson Job na Kibwana Shomari waliokwenda Yanga baadaye. Wakata Miwa wakashuka 2024, hawakubomoa nyumba, wakarudi 2025 wakiwa mabingwa wa Championship. Si ndiyo huo mpango?

Ndiyo. Ila tuulize mishahara ya Turiani, nyumbani kwa Mtibwa, msimu ule ililipwa na nini. Nyuma ya Mtibwa kuna kiwanda cha sukari, na sukari haishuki daraja. Nyuma ya JKT Tanzania kuna jeshi. Nyuma ya Mbeya City kuna halmashauri ya jiji. Ihefu ilikuwa na watu wenye uwezo, hadi ikaishia kuhamia Singida kwa jina jingine. Ukiwapanga waliorudi upande mmoja na wasiorudi upande wa pili, kinachowatenganisha zaidi ni mfuko unaoendelea kutoa hata timu ikiwa inacheza mbele ya watu mia mbili. Ubora wa mpango unakuja nyuma ya hapo.

Kwa hiyo swali la mzee yule, nani analipa mishahara ya huko chini, lilikuwa swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Baada ya mkutano nilimfuata nyumbani kwake, nyuma ya soko. Akatoa daftari la kurasa za mistari, jalada limefungwa kwa selotepu. Zamani alikuwa mtunza fedha wa tawi la mashabiki wa timu nyingine ya Dar iliyoshuka, na hilo ndilo lilikuwa daftari la michango. Kurasa za mwanzo ni za furaha: jezi, ngoma, nauli ya kwenda Morogoro. Halafu ukifika katikati, majina ya wachezaji yanaanza. Mmoja kaandikiwa nauli ya kurudi Songea. Mwingine kodi ya chumba, miezi miwili. Mwingine dawa za mtoto. Kiasi ni kidogokidogo, elfu kumi, elfu kumi na tano, na mbele ya kila kiasi kuna sahihi. "Hawa walikuwa vijana wa mpango, mwanangu," akaniambia. "Kocha alikuwa anawapenda sana." Ukurasa wa mwisho una safu ya majina bila kiasi chochote. Michango ilikuwa imekwisha.

Mbagala haikuhitaji kwenda mbali kuona hayo. African Lyon ilianzia huku ikiitwa Mbagala Market, na Mbwana Samatta alipita hapo kabla ya Simba na TP Mazembe. Ilipanda 2016, ikashuka 2017, ikapanda 2018, ikashuka 2019. Kupanda inawezekana, ilipanda mara mbili ndani ya miaka mitatu. Ila kila safari inakula kitu, na tangu 2019 haijapanda tena. Watoto wanaocheza leo kwenye viwanja vya vumbi vya Mbagala wanajua jina la Samatta kuliko jina la timu iliyomtoa.

Sisemi kocha afukuzwe. Kumfukuza ni kulipa makocha wawili kwa kazi ya mmoja, na vijana wale nimewatazama, winga wa kushoto ni mchezaji haswa. Wala sitaki kuona wakongwe sita wakishuka kwenye bajaji na mabegi yao. Ninachokataa ni ile kauli kwamba kugusa kikosi Januari ni kuusaliti mpango. Timu hii inafungwa mabao ya aina moja: kona, mpira wa juu, kipa anatoka nusu, mabeki wawili wa miaka kumi na tisa wanatazamana. Inahitaji kipa mzoefu na beki wa kati mmoja anayejua kupiga kelele, mkataba hadi Juni na fedha zake ziwe mkononi kabla ya kusaini. Vijana tisa waliobaki waendelee kucheza, wakue wakiwa na mtu mzima nyuma yao. Pointi nne au tano ambazo wawili hao wangeokoa zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya nafasi ya 15, ambayo ni kushuka moja kwa moja, na mchujo.

Viongozi wanaweza kunijibu kwamba hata hao wawili hatuwezi kuwalipa. Kama ni hivyo, basi wamejibu pia swali la mzee, na mashabiki wana haki ya kujua kwamba wanachoombwa kusubiri kwa miaka mitatu hakina hata mwaka mmoja wa fedha. Mkutano wa pili utakuwa kabla dirisha dogo halijafungwa. Mzee amesema magoti yanamsumbua na ngazi za ukumbi ule ni nyingi, kwa hiyo amenikabidhi daftari nikaketi nalo mbele.