Mpima Ardhi Anapogeuka Mwendelezaji wa Milki

Mpima ardhi akisema anataka kuingia kwenye ujenzi, na baadaye aendeleze milki kwa mtaji wake, huambiwa mara nyingi kwamba kazi yake inaishia kwenye bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na kinachofuata ni cha wahandisi, wakandarasi na wenye fedha. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, lakini linasahau kwamba faida au hasara ya mradi huanza kuamuliwa ardhini, kabla msingi haujachimbwa.

Chukua eneo la hekta 1, yaani mita za mraba 10,000. Kosa la sentimita 10 tu katika kimo, likienea eneo zima, ni mita za ujazo 1,000 za udongo wa kuchimba na kuondoa, au wa kuleta na kushindilia. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 10, hizo ni safari 100, na kwa kuwa udongo uliochimbuliwa huongezeka ujazo, safari zenyewe huzidi hapo. Gharama hiyo haionekani ukutani wala kwenye paa, kwa hiyo ni vigumu kumshawishi mnunuzi wa nyumba ailipie. Maji taka nayo yana hesabu yake: bomba lenye mteremko wa 1 kwa 100 hushuka sentimita 60 katika urefu wa mita 60, na kama chemba ya kuunganishia iko juu kuliko hapo, jengo litategemea pampu maisha yake yote. Aliyezoea kusoma kontua, yaani mistari ya ramani inayoonyesha miinuko ya ardhi, huyatambua haya akiwa bado anatembea kiwanjani, wakati bei ya kununulia ingali inajadilika, ilhali mwekezaji asiye na ujuzi huo huyagundua akiwa ameshalipa. Mpima anajua pia kwamba uzio si lazima uwe mpaka, na kwamba ukiondoa hifadhi ya barabara, njia ya umeme na haki ya jirani kupita, sehemu inayojengeka huwa ndogo kuliko ukubwa ulioandikwa kwenye hati.

Hata hivyo, ujuzi huo haumfundishi mtu kuishi na deni. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, mradi uliosimama miezi 6 huongeza takriban asilimia 6 juu ya mkopo wote uliokwisha kuchukuliwa, hata kama hakuna tofali lililowekwa. Upimaji humzoeza mtu kurudia vipimo mpaka hesabu zikubaliane, na tabia hiyo njema huweza kumchelewesha pale anapotakiwa kuamua leo kwa taarifa pungufu. Ndiyo maana miaka ya kati kwenye ujenzi, ya kuhamisha vipimo vya mchoro kwenda ardhini, kukagua nondo na kulipa mafundi kwa wakati, isirukwe. Naamini wengi wanaoshindwa hawaponzwi na asili yao ya upimaji bali na kuiruka ngazi hii.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la mgongano wa maslahi, na ni la zamani. George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, aliteuliwa kuwa mpima wa kaunti ya Culpeper, Virginia, mwaka 1749, akiwa na umri wa miaka 17, akaanza mapema kujinunulia ardhi, na alipofariki mwaka 1799 alikuwa na zaidi ya ekari 50,000. Ardhi waliyoahidiwa askari kwa utumishi wao vitani ilipopimwa na kugawanywa chini ya usimamizi wake, baadhi yao walilalamika kwamba maeneo bora yamemwangukia yeye. Anayejua thamani ya ardhi kabla ya mwenye ardhi kuijua ana nguvu ambayo leseni peke yake haiwezi kuizuia. Kwa hiyo mpima asinunue eneo alilolipimia mteja bila kumweleza mteja huyo alichokiona humo, na kiwanja anachokusudia kukiendeleza mwenyewe kipimwe na kutiwa saini na mpima mwingine asiye na hisa katika mradi.