Hati safi ya mkaguzi haitoshi, tuulizane shirika lina hela yake kiasi gani

Kila nikiona picha za watu wa NGO wanasaini mkataba wa ruzuku, makofi kibao, mi natamani kuuliza kitu kimoja tu: mradi ukiisha mnabaki na nini?

Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya siku chache barua za kusimamisha kazi zikaanza kumiminika kwenye email, hadi miradi ya ukimwi na TB ikaguswa, afu Julai 1 USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafunga kazi. Yapo mashirika yaliyokuwa yanapata hati safi kila mwaka na bado yakapunguza watu fasta, kwa sababu hati safi inasema vitabu viko sawa, haisemi kama mtafika Desemba.

Chukua hesabu za miaka mitatu minne uziweke mezani pamoja. Mapato yasikuzubaishe, yanapanda na kushuka na miradi, we angalia salio la mwisho wa mwaka alafu toa hela zote zenye mradi wake. Tuseme benki kuna milioni 80 na 77 ni za mradi wa maji, hizo hulipii hata luku ya ofisi, kwahiyo shirika lina milioni 3 na mishahara ya mwezi ni milioni 5. Kama hiyo 3 ndo ileile ya mwaka juzi na mwaka jana basi hamjakua hata kidogo, mmepitisha tu hela za watu.

Na wafadhili wanachangia sana hili. Semina watalipia, ukumbi, chai na posho, ila pango na mshahara wa mhasibu wanabana mpaka basi. Ruzuku za serikali ya Marekani kwa miaka mingi zilimpa mpokeaji ambaye hajakubaliana nao kiwango chake cha gharama za ofisi asilimia 10 tu ya kuendeshea ofisi, ikapanda hadi 15 Oktoba 2024, miezi mitatu na ushee mbele karibu kila kitu kikasimama. Hapo akiba utaitoa wapi?

Kina mama wa vikoba kila kikao sanduku linafunguliwa na hela zinahesabiwa mbele ya wote, kwanini bodi zetu zisubiri mkaguzi? Mkutano mkuu ujao, kabla ya picha za mradi, mweka hazina aulizwe: ruzuku ikikatika leo tunalipana mpaka mwezi gani?