Bao Langu Lilifia Ngazini

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu kisa cha Lennart Johansson hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Mzee huyo alikuwa rais wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Tarehe 26 Mei 1999, fainali ya Ligi ya Mabingwa uwanjani Camp Nou, Barcelona, Bayern Munich wanaiongoza Manchester United 1-0 kwa bao la Mario Basler la dakika ya sita, tisini zinayoyoma, naye akaingia kwenye lifti ashuke uwanjani kukabidhi kombe. Ndani ya lifti hamna televisheni. Sheringham wa United akasawazisha, mwenzake Solskjær akamaliza kazi, na Johansson alipotokeza huko chini akakuta aliowaacha wakishinda wanalia na aliowaacha wakishindwa wanacheza.

Shabiki wa Manchester United hana kisa kitamu kuliko hicho. Nimekisimulia harusini, kazini, kwenye foleni ya benki. Na kila mara hukifunga kwa kumnyooshea msikilizaji kidole: usinyanyuke kabla ya filimbi ya mwisho. Nakitanguliza mjue kwamba nilichofanya Jumapili ya tarehe 3 Septemba 2023 sikukifanya kwa kutojua.

Msimu ulikuwa bado mbichi, raundi ya nne tu. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshacheza mechi nyingi zaidi, na karibu zote ni dhidi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni Arsenal wa kuzaliwa. Ugomvi wetu wa mwaka huo ulihusu dakika za nyongeza. Marefa wa Uingereza walikuwa wameagizwa wahesabu muda uliopotea sawasawa: kushangilia mabao, kubadilisha wachezaji, majeruhi, ukaguzi wa video wa VAR, vyote. Tulishaonjeshwa kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, ambako mechi ya Uingereza na Iran iliongezwa karibu nusu saa ukijumlisha vipindi vyote viwili. Wengine tuliangalia mpira ule hadi tukasahau ni wa siku gani.

Basi tarehe 6 Agosti, Ngao ya Jamii, ile mechi ya kufungulia msimu Uingereza, Arsenal na Manchester City, City wanaongoza kwa bao la Cole Palmer, na Leandro Trossard akasawazisha dakika ya 101. Mia na moja! Arsenal wakachukua ngao kwa penalti. Shemeji akaja kwangu usiku huohuo na jezi yake, hata salamu hakutoa.

"Shemeji," nikamwambia, "bao la dakika ya 101 ni msaada, si bao. Hata refa alikuwa anawaonea huruma."

"Wewe ni wa kusema hivyo? Timu yako imejengwa na dakika za nyongeza za kocha wenu Ferguson!"

"Zile zilikuwa dakika za haki."

"Sheria ya 7," akasema huku akitoa simu, maana huyu mtoto ni wa aina ile inayosoma sheria, "kile kibao cha mwamuzi wa akiba kinaonyesha kima cha chini. Refa anaweza kuzidisha, kupunguza hawezi. Kwa hiyo mpira hauishi kibao kikisema, unaisha refa akisema."

Nikamjibu kwa tamko ambalo mke wangu alilisikia, watoto wakalisikia, na nadhani hata jirani alilisikia: bao lolote litakalofungwa baada ya dakika ya 95 mimi silitambui. Nililisema kwa sauti ya mtu anayetia saini mkataba. Raphaël Varane, beki wetu mwenyewe, naye alikuwa amelalamika hadharani kuhusu hizi mechi kurefushwa, kwa hiyo nilijiona nina wakili.

Sasa tuje kwenye Jumapili yenyewe. Tunakaa jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti, sisi chini kabisa. Arsenal wamejaa humo kama wamegawiwa vyumba: ghorofa ya kwanza kuna fundi umeme, ya pili kuna mwalimu, ya tatu kuna mzee mmoja mstaafu ambaye tangu nihamie hakuwahi kubishana nami hata siku moja. Nikitamba, hutabasamu tu na kusema, "Haya, mwanangu." Nilichukulia kwamba hajui mpira.

Mechi ni Arsenal na sisi, palepale Emirates. Dakika ya 27 Rashford akaingia kutoka kushoto, akaachia kombora, moja. Nilisimama kushangilia, na kabla sijakaa vizuri Ødegaard akasawazisha. Bao la dakika ya 28. Sijui kama niliwahi kuongoza kwa muda mfupi namna hiyo hata kwenye mambo ya nyumbani.

Kipindi cha pili Havertz akaanguka kwenye boksi, refa akaonyesha penalti. Shemeji akaruka juu ya kochi. Kisha refa akaitwa kwenye skrini, akatazama, akarudi, akaifuta. Hapo nilitoa mhadhara ambao ningependa kuufuta nao. Nilisema VAR ni chombo cha haki. Nilisema mtu anayepinga VAR ana jambo anaficha. Nilisema ule mstari wanaouchora kupima nani ameotea hauna ndugu wala shemeji.

Dakika ya 88. Casemiro akaupenyeza mpira, Garnacho akakimbia peke yake kama mtu anayewahi basi, nyavu zikatikisika. Mbili moja!

Hapa akili yangu iliondoka, mwili ukaifuata. Nilichomoka kwenye kochi, nikapitia jikoni, nikatoka na kifuniko cha sufuria kubwa mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Simu niliiacha kwenye chaji. Nilipopita sebuleni nilimtupia jicho shemeji: amenyamaza, ameinama mbele, macho kwenye televisheni. Nikasema moyoni, maskini, kijana ameumia. Kumbe alikuwa anaangalia mstari.

Ghorofa ya kwanza niligonga kifuniko mlangoni kwa fundi umeme hadi mwiko ukalia. "Toka! Toka utoe pole!" Kimya. Nikaimba wimbo nilioutunga palepale, wenye neno moja, Garnacho. Kimya bado. Nikaona hawa wameshazima taa wakalala, nikapanda.

Katikati ya ngazi ndala moja ikanitoka, sikurudi kuifuata. Mara nikasikia mwanangu wa miaka minane akiita kutoka chini.

"Baba! Wamekataa!"

"Hata wakikataa kufungua, mimi nitagonga tu!"

"Baba, si mlango! Limekataliwa!"

"Acha walikatae, ukweli ni ukweli!"

Mtoto akachoka, akarudi ndani. Wakati huohuo jengo zima likalipuka. Vigelegele juu, vigelegele chini, mtu anapiga miguu sakafuni. Machozi yakanilengalenga. Nikawaza, kumbe United tumo wengi humu na hatujuani! Ni kweli walikuwa wamechelewa kama dakika mbili hivi kushangilia, lakini hilo nilikuwa na maelezo yake: wenzangu wanatazama kwa intaneti, picha inachelewa. Mtu akishapenda bao, hakosi maelezo.

Kwa mwalimu, ghorofa ya pili, mlango ulifunguliwa inchi mbili. Jicho moja likanitazama kuanzia kifuniko mpaka mguu usio na ndala. "Jirani," likasema, "panda tu juu. Mzee anakusubiri." Halafu mlango ukafungwa, nikasikia kicheko ambacho nilikiandika kwenye daftari la vilio.

Mzee alikuwa amekwisha kufungua. Nikafika nahema, kifuniko hewani, nikakumbuka adabu.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo."

Akanionyesha kiti ambacho kimeipa televisheni mgongo. Sikulitilia maanani. Akaketi mbele yangu, mikono juu ya fimbo yake, akanitazama kwa upole usioelezeka.

"Nasikia kelele. Kuna nini?"

"Tumewafunga, mzee! Mbili moja!"

"Aisee. Nani kafunga?"

"Garnacho."

"Kafungaje? Hebu nieleze polepole."

Nikamweleza. Nilisimama, nikamfanya Casemiro, nikamfanya Garnacho, nikatumia mwiko kama mguu wa kulia. Mzee alitikisa kichwa kila baada ya sentensi. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza:

"Na pasi ilipotoka, huyo Garnacho alikuwa amesimama wapi?"

"Alikuwa..." Nikageuka kumwonyesha kwenye skrini. Juu pale pembeni kumeandikwa 1-1.

"Mzee," nikasema, "televisheni yako imekwama."

"Imekwama?" akajibu. "Mbona wanakimbia?"

Na kweli walikuwa wanakimbia. Walikuwa wanakimbilia kona. Garnacho alikuwa ameotea, kwa unywele, lakini mstari, kama nilivyofundisha mwenyewe sebuleni kwangu, hauna ndugu wala shemeji. Nilitaka niondoke, mzee akaniwekea mkono begani. "Bado kidogo. Si wewe husema mtu asinyanyuke kabla ya filimbi?" Nilimsimulia kile kisa cha lifti mara ngapi yule mzee? Tano? Kumbe alikuwa anasikiliza.

Kona ya Saka ikapita watu wote. Declan Rice, mtu waliyemnunua kwa bei ambayo kiangazi kizima niliicheka, akautuliza nguzo ya pili, akapiga, mpira ukamgusa Jonny Evans, ukaingia. Kwenye skrini ikaandikwa 90+6. Nikapiga hesabu haraka: tisini na sita. Nilikuwa nimelikataa bao hili tangu Agosti! Nikafungua mdomo kumweleza mzee kuhusu tamko langu, lakini alikuwa amekwisha kunyanyuka, bila fimbo.

"Mwanangu," akasema, "naomba hicho kifuniko."

Ungempa, au ungemnyima? Mkubwa ameomba. Nikampa na mwiko.

Sijawahi kuona mstaafu akipiga chombo namna ile. Aliligonga bati la watu kwa ufundi, mapigo matatu na kituo, mapigo matatu na kituo, hadi nikaelewa kwamba asiyejua mpira ni mimi. Niliaga, hakunisikia. Nikaanza kushuka.

Nipo kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, natafuta ndala yangu, jengo likalipuka tena. Safari hii sikuhitaji maelezo ya intaneti. Gabriel Jesus, 90+11, amempiga chenga Dalot akamwacha amekaa chini, tatu moja. Mimi sikuliona. Mabao mawili ya mechi ile, moja lilikufa na jingine likazaliwa, na yote mawili nilikuwa ngazini. Johansson angalau alikuwa na lifti, tena alikuwa kazini.

Fundi umeme sasa alikuwa mlangoni, ndala yangu mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama kombe. Alinikabidhi kwa kuinama. Nikashukuru, maana ningefanyaje.

Mlango wa kwangu ulikuwa umeegeshwa. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya sebule, amekaza uso, mikono nyuma kama mlinzi wa hoteli kubwa.

"Shemeji," akasema, "lifti ilikuwa na foleni?"

Mwanangu akaanguka kwa kucheka. Mke wangu, ambaye mpira haumhusu na ndiyo maana ndiye pekee niliyetegemea anihurumie, alinitazama mikono mitupu.

"Kifuniko changu kiko wapi?"

Nikamwambia kiko ghorofa ya tatu. Akauliza kinafanya nini huko. Hatukuhitaji kumjibu, kilikuwa kinasikika.

Baada ya mechi Erik ten Hag, kocha wetu wa wakati ule, alilalamikia pembe ya picha iliyotumika kuchora ule mstari. Nilimshukuru sana, nikaenda kumweleza shemeji habari hiyo ya pembe, akanisikiliza mpaka mwisho na kuniuliza kama mimi nilikuwa naangalia kutoka pembe gani.

Kifuniko kilirudi Jumatatu asubuhi, kimefungwa kwenye gazeti. Kina bonde katikati, mpaka leo hakikai sawasawa juu ya sufuria, mvuke unatoka upande mmoja. Mke wangu husema nimekiharibu mimi. Nimeshamweleza mara nyingi kwamba mimi nilikigonga kwa bao moja tu, tena lililokataliwa. Yale mengine mawili ni ya mzee.