Usiniulize Yoyo Ina Gramu Ngapi

Nina jamaa yangu anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wanaoshuka kutoka Chunya. Ofisi yake iko maeneo ya Kabwe hapa Mbeya: chumba kimoja, meza, feni ambayo sijawahi kuiona ikizunguka, na mizani ndogo ya kidijitali yenye kifuniko cha kioo, kusudi hata pumzi yako isiongeze bei. Julai hii nilimpelekea yoyo zangu mbili, vile vichezeo vya visahani viwili vyenye ekseli na uzi katikati. Alicheka kwanza, halafu akapima. Ya kwanza gramu 66.1, ya pili gramu 66.0.

"Kaka, hawa mapacha," akasema. "Ingekuwa dhahabu ningekulipa hela ile ile."

Kwa mizani yake hakukosea. Lakini zikiingia mkononi mwangu hata undugu siuoni. Moja ni alumini tupu, imeviringwa mgongo kama andazi. Nyingine nayo ni alumini, ila katikati imechimbwa ikabaki nyembamba, na kila upande umevishwa pete ya chuma cha pua pembeni kabisa, kwenye ukingo. Ukinifunga macho ukanipa mojawapo, nitakwambia ni ipi kabla haijafika mwisho wa uzi.

Kilichonipeleka kwenye mizani ya dhahabu ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Kila akiona yoyo kwenye simu, swali lake ni hilo hilo: "Mjomba, ina gramu ngapi?" Wauzaji nao wamemzoesha, maana gramu ndiyo namba wanayoiandika kwa herufi kubwa. Mimi nasema namba hiyo peke yake ni sawa na kuambiwa gunia lina kilo mia bila kuambiwa kama limefungwa kwenye keria ya baiskeli au limening'inizwa kwenye usukani. Kilo ni zile zile, safari si ile ile.

Waliokulia Rungwe au Mbozi wanazikumbuka mashine za kusaga za dizeli, zile za kuwashwa kwa handeli, zenye magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni. Mafundi huyaita flaiwili. Ukilitazama vizuri lile gurudumu utaona chuma chote kimerundikwa kwenye ukingo; katikati kuna mikono michache tu ya kulishikilia. Mtu anaanza kuzungusha handeli, mishipa ya shingo imemtoka, gurudumu linamgomea. Likishakubali, sasa ni yeye anayevutwa. Na jioni mashine ikizimwa, flaiwili huendelea kivyake kwa muda, tuku, tuku, tuku, kama mzee anayemalizia hadithi ambayo wasikilizaji wake wameshasinzia.

Yoyo yenye pete ya chuma ukingoni ni flaiwili ya mfukoni. Na hesabu yake si ya kutisha. Ukaidi wa kitu kinachozunguka, yaani ugumu wa kukianzisha na ugumu wa kukisimamisha, hupatikana kwa kuchukua tungamo, yaani zile gramu, na kulizidisha kwa umbali kutoka kwenye ekseli, kisha kuzidisha kwa umbali huo huo tena. Gramu moja iliyokaa milimita 26 kutoka katikati inakupa 676. Gramu hiyo hiyo ukiisogeza hadi milimita 8 inakupa 64. Kwa hiyo gramu moja ya ukingoni inafanya kazi ya gramu kumi na ushee za kitovuni. Ndiyo maana watengenezaji wanakwangua alumini ya katikati hadi inakaribia karatasi na kupeleka chuma pembeni: chuma cha pua ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, hivyo pete nyembamba tu inatosha.

Lakini hakuna cha bure. Mkono wako ni ule ule uliokula ugali ule ule. Ukiongeza ukaidi mara mbili na kurusha kwa nguvu ile ile, yoyo itaanza kwa mwendo wa chini zaidi. Msuguano ukibaki vile vile, muda wa kuzunguka hauwi mara mbili. Unakuwa kama mara 1.4 hivi. Wauzaji hawalisemi hilo.

Tuje kwenye mkono, maana ndiko ninakotaka kukaa.

Unaporusha yoyo, nguvu yako inagawanyika: nyingine inaenda kwenye kuzunguka, nyingine kwenye kushuka. Yoyo yenye uzito uliokaa katikati inazunguka bila kubembelezwa, kwa hiyo inaporomoka haraka, inafika mwisho wa uzi na kukupiga kwenye kidole: tap! Unausikia ule mshtuko kwenye kiungo cha pili cha kidole cha kati. Yenye uzito wa ukingoni inachukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu yako na kuifanya mzunguko. Inashuka kama imepumua kwanza. Ikifika chini haigongi, inaketi. Wengine wakishika ya namna hiyo husema "nyepesi!" ingawa mizani ya dhahabu inasema hapana. Nilibisha sana kabla ya kuelewa kwamba kidole hakipimi gramu, kinapima mshtuko.

Halafu inalala: inabaki ikizunguka mwisho wa uzi bila kupanda. Tulipokuwa wadogo tulisema hivyo hivyo kwa pia: ukishaichapa na mjeledi wako wa katani hadi ikatulia, ikawa kama imesimama huku inazunguka, tulisema pia imelala. Yoyo inayolala vizuri ina utulivu ule ule, na hapo uzito wa ukingo unaonyesha ubwana wake. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote pale Mwanjelwa, omba gurudumu la mbele lililofunguliwa, lishike ekseli kwa mikono miwili, mwambie alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kuliinamisha. Litakukatalia. Ukilisukuma liiname, lenyewe litageukia upande ambao hukuutaka. Yoyo inafanya vivyo hivyo uzi unapougusa ukuta wake kimakosa: ile ya ukingo inavumilia, inaendelea wima, ile ya kati inaanza kulemaa taratibu, na usipoirekebisha mapema mchezo umekwisha.

Kwa hiyo ya ukingo ndiyo bora? Hapo ndipo ninapotofautiana na nusu ya watu ninaocheza nao. Uvumilivu ule ule ni ukaidi ule ule. Ukitaka yoyo igeuke, ibadili upande katikati ya mchezo, ifuate mkono uliobadili nia, ya ukingo inakujibu kama karani wa saa tisa na nusu. Wanaocheza mtindo wa kuizungusha yoyo mbele yao bila kuiacha ilale, moja kila mkono, hawaitaki kabisa. Yoyo zao ni za plastiki, nyepesi, mgongo wa mviringo, kwa sababu kila mzunguko unaipindua yoyo kidogo na wanataka ikubali kupinduliwa. Ukiwapa flaiwili watakurudishia kabla chai haijapoa.

Haya sikuyapata kwa kusoma tu. Mwaka jana nilikwenda kwa mzee mmoja mkereza, Soweto, anayekereza matendegu ya vitanda na miguu ya stuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kitanda au stuli?"

"Yoyo."

Akanitazama kwa juu ya miwani. Nikamchorea kwenye vumbi la mbao. "Ahaa," akasema, "pia yenye kamba. Sasa mti gani huo umeniletea?"

Nilikuwa nimebeba kipande cha paina, mabaki ya mbao za Mafinga, kwa sababu kilikuwa cha bure. Akaguna, akakereza hivyo hivyo ili nijionee mwenyewe. Paina ina mistari laini myeupe na mistari migumu ya kahawia inayopishana, na kipande changu kilikuwa na jicho la tawi upande mmoja. Visahani vyote viwili vilitoka mviringo safi kwa macho, lakini upande wenye jicho ulikuwa mzito. Nilipoirusha ilitetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Mzee hakusema "nilikwambia". Aliendelea na tendegu lake tu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wiki iliyofuata nikarudi na mpera, mti ule ule wa pia zetu za utotoni. Hiyo ilitoka vizuri. Kipenyo milimita 58, kama gramu 50. Nikanunua washa sita, zile pete ndogo za chuma za kuwekea boliti, za gramu mbili mbili, tatu kila upande. Kwanza nikazigandisha karibu na ekseli, milimita tisa kutoka katikati. Nikarusha mara kumi, nikipima kwa simu: ilikuwa inalala kama sekunde 11. Haina beringi, uzi unasugua mti, kwa hiyo msinicheke. Kisha nikazibandua, nikazihamishia milimita 24 kutoka katikati, nikaziachanisha sawasawa kwa kutumia kipimapembe cha shule cha mpwa wangu. Gramu hakuna iliyoongezeka. Sekunde 13.

Sekunde mbili! Kwa saa ni aibu. Kwa mkono ilikuwa yoyo nyingine. Ule mshtuko wa kidoleni ulipoa, na uzi uliacha kuyumba. Toka siku hiyo nimeacha kuamini wanaolinganisha yoyo kwa saa peke yake.

Kilichofuata kilinifundisha zaidi. Washa moja ilichomoka katikati ya mrusho na kugonga sufuria ya mke wangu (maharage yalikuwa ndani, sufuria ilinusurika, mimi nusura nisinusurike). Nikajaribu kucheza na tano zilizobaki. Haikuchezeka, mtetemo ulipanda hadi kwenye kiwiko. Nikafanya jaribio la makusudi: nikazirudisha zote kitovuni, nikatoa moja. Mtetemo ulikuwepo lakini niliuvumilia. Kosa dogo likikaa karibu na ekseli linanong'ona. Likikaa ukingoni linapiga kelele.

Na hapo ndipo penye malalamiko yangu. Yoyo ya uzito wa ukingo inadai ukerezaji wa hali ya juu, pete mbili zilizokaa sawa kabisa. Miaka miwili iliyopita niliagiza moja ya bei ya kutupa mtandaoni, ikaja na basi kutoka Dar, tangazo lake likisifu ukingo mzito na kulala muda mrefu. Pete moja ilikuwa imekaa upande. Ilitetemeka kuliko paina yangu. Juu ya hayo, beringi ilikuwa imejazwa grisi nzito, na kwa baridi ya hapa kwetu ya mwezi wa saba, grisi hiyo ilikuwa kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Beringi niliiosha kwa petroli, ikachangamka. Pete sikuwa na la kuifanya. Kwa pesa ile ile ningepata ya plastiki ya kawaida yenye uzito uliokaa katikati, na ingekuwa mwalimu mzuri zaidi.

Tusijidanganye pia kwamba mambo haya yamegunduliwa jana. Pedro Flores, Mfilipino aliyeanza kutengeneza yoyo huko Santa Barbara, Marekani, mwaka 1928, aliuzungusha uzi kwenye ekseli badala ya kuufunga, na hapo ndipo yoyo yake ikaweza kulala. Kabla ya yoyo kulala, nani angejali uzito uko wapi? Baadaye akatokea daktari wa meno wa San Francisco, Tom Kuhn, akatengeneza yoyo ya mti ambayo unaifungua, unageuza visahani vyake, na kupata maumbo matatu tofauti kwa mti ule ule. Mtu wa meno lazima ajue kwamba milimita moja si kitu kidogo. Mwaka 1985 yoyo ilibebwa hadi angani kwenye chombo cha Discovery. Kule isikokuwa na uzito haikukubali kulala, maana hakuna kinachoishikilia chini ya uzi. Lakini iliendelea kuzunguka, kwa sababu ukaidi ni wa tungamo, nao hauondoki hata uzito ukitoweka.

Basi mimi nasimama wapi? Kwenye begi nabeba ya pete za chuma, kwa siku za michezo mirefu ya uzi ambayo najua nitaikosea. Lakini mfukoni huwa nina ile ya andazi. Inataka niitazame. Nikizembea inalemaa hapo hapo, nikiwa makini inageuka nikiwaza tu. Wenzangu wanasema ni ugumu wa kujitakia. Huenda. Wao wanapenda yoyo inayowasamehe, mimi napenda inayonijibu, na kati ya hizo mbili kuna nyingi nzuri ambazo watengenezaji wamegawanya uzito nusu kwa nusu bila kutangaza.

Mpwa wangu nimempa ya mpera. Washa nimemwachia kwenye kibati cha dawa ya viatu, pamoja na gundi, nikamwambia aziweke anakotaka. Juzi nimemkuta amebandika mbili ukingoni na moja kitovuni kila upande, za ukingoni zikitazamana, na amenyamaza kabisa kuhusu gramu. Sasa anauliza kama yule mzee wa Soweto anaweza kumchimbia mfereji ndani ya ukingo ili washa zizame zisigonge sufuria. Nimemwambia aende mwenyewe, na asibebe paina.