Dhahabu ya 1936 na goli la 2019: Uingereza kwenye hoki ya barafuni

Februari 1936, Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Kipindi cha mwisho, Uingereza na Kanada ziko 1-1. Edgar Brenchley anatia la pili, Kanada wanalala katika mchezo wao wenyewe, na Olimpiki inapokwisha dhahabu ni ya Uingereza.

Sasa tuwatazame waliocheza. Brenchley alizaliwa Sittingbourne, Kent, ila barafu aliijulia Niagara Falls. Golikipa Jimmy Foster alizaliwa Glasgow, akakulia Winnipeg. Wengi wa wenzao walikuwa hivyohivyo. Kanada walilalamika, ila kuhusu vibali vya uhamisho wa wachezaji tu. Uraia wa hao vijana haukuwa na doa.

Wanaoitetea timu ile dhidi ya lawama kwamba ilikuwa ya Wakanada huanzia hapo, nami nawaelewa. Mtoto aliyebebwa na wazazi kuvuka bahari hapotezi kwao. Kinachonikera ni kilichofuata: dhahabu haikuzaa wachezaji. 1962, kwenye mashindano ya dunia kule Colorado Springs, Marekani, Uingereza walishika mkia, na daraja la juu la mashindano hayo hawakulikanyaga tena hadi 1994. Waliporudi, kikosi kilikuwa kimejaa tena waliokulia Kanada. Wakafungwa kila mechi, wakashuka palepale. Ujanja uleule, ila safari hii bila medali ya kufunikia.

Linganisha na Mei 2019, mashindano hayohayo, Košice, Slovakia. Uingereza na Ufaransa, anayefungwa anashuka. Ufaransa wanaongoza 3-0. Yanarudi moja moja mpaka 3-3, na katika muda wa nyongeza Ben Davies, kijana wa Cardiff, anamalizia la nne. Kocha ni Mskoti, Pete Russell, na wengi wa kikosi walijifunza kuteleza kwenye viwanja vya nyumbani. Kwangu goli hilo la kuponea chupuchupu lina uzito kuliko dhahabu ya 1936. Najua wenye kuhesabu medali watanicheka.

Lakini wapo wanaosema wachezaji wageni ndio wanaoiweka hai ligi ya Uingereza, na hapo sina jibu jepesi. Watu wa Sheffield, Nottingham na Belfast hulipa kiingilio kuona hoki ya kiwango, na barafu inakula umeme usiku na mchana. Ukiwaondoa wageni ghafla, huenda ukaondoa na kiwanja. Ukiwaacha wajae, kijana wa hapo anazeekea benchi.

Liam Kirk wa Maltby, Yorkshire, aliyechezea Sheffield, alichaguliwa na Arizona Coyotes, klabu ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini (NHL), mwaka 2018 akiwa na miaka 18. Mwaka huohuo alihamia Peterborough, Ontario, akakomazwe hukohuko Kanada.