Anayemsikia sokwe mbona hasikii jina lake?

Mtoto mwenye usonji (autism) huitwa asigeuke, hufundishwa macho yakiwa dirishani, na hukumu huwa moja: hana umakini. Wanaosema hivyo hawazui wanachokiona. Ninachokipinga ni sababu wanayoitoa.

Mwaka 2017, watafiti Anna Remington na Jake Fairnie wa London walichapisha utafiti ambao watu wazima waliambiwa wafuatilie mazungumzo ya wanawake na kupuuza ya wanaume yaliyosikika sambamba. Katikati ya rekodi hiyo anapita mtu akirudia kwamba yeye ni sokwe. Wasio na usonji waliomsikia walikuwa asilimia 12. Wenye usonji, asilimia 47. Na katika jaribio jingine la utafiti huohuo, walinasa sauti ya ziada bila kuiharibu kazi waliyopewa. Umakini haba hauzai matokeo ya namna hii. Watafiti hao wanaona kwamba uwezo wa wenye usonji wa kupokea sauti ni mkubwa zaidi, na kazi nyepesi ikiacha nafasi, mlio wa feni na mburuzo wa viti huijaza. Basi huenda kuna mtoto anayetulia akipewa kazi nzito zaidi, ilhali sisi tunazidi kumrahisishia.

Kweli, zaidi ya nusu ya wenye usonji nao hawakumsikia sokwe. Si kila mmoja ana kipawa hicho. Na yule asiyesikia jina lake? Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, ambaye mwenyewe ana usonji, walieleza umakini unaovutwa wote na jambo moja linalompendeza mtu. Akishazama humo, kumtoa ghafla kunamuumiza, na mwito hauna pa kuingilia.

Shida hiyo ni halisi. Mtu husahau kula, huvuka barabara bila kuona gari, hushindwa kuanza kazi anayoitaka. Isitoshe, wengi wana pia ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na kutotulia, hali ambayo hadi 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu itambuliwe pamoja na usonji. Kuwasifia hao vipawa huku wakinyimwa matibabu ni kuwatelekeza.

Lakini anayetibiwa kama mwenye upungufu wa umakini hupewa mazoezi ya kukaza macho, wakati pengine alichohitaji ni kuarifiwa mapema kwamba somo linabadilika, na kuachwa amalize sentensi aliyoianza.