Mtungi Haukulipuka

Naanza na hilo kwa sababu shangazi yangu amepiga simu kutoka Sumbawanga analia. Kaambiwa nimelazwa, nimeungua mwili mzima, na nyumba imebaki ukuta mmoja. Nyumba ipo. Mimi nipo. Kilicholipuka ni bitana ya ndani ya tanuri langu la gesi la kufulia visu, basi. Habari za mtungi wa gesi kulipuka kazisambaza rafiki yangu fundi jipsamu, ambaye siku ile alikuwa na simu mkononi, akarekodi, akaikata video palepale ilipoanza kunitetea, akaitupa kwenye magrupu yote ya Mbagala, likiwemo la kikoba cha mke wangu. Ya kwake mmeshasikia. Sasa kaeni chini msikie ya mwenye makalio.

Wale wa siku nyingi humu mnalijua tanuri langu. Ni mtungi wa kilo 15 uliostaafu, umekatwa mbele na nyuma, umelazwa juu ya miguu ya nondo. (Na wewe uliyekwisha kufungua mdomo: ndiyo, kabla ya kukata niling'oa valvu, nikaujaza maji mpaka juu ili gesi yote itoke, ndipo nikashika grenda. Hapo akili bado nilikuwa nayo.) Bana, yaani kile kichwa cha kutolea moto, nimeitengeneza mwenyewe kwa bomba la robo tatu. Ndani yake kuna ncha ya shaba ya mashine ya kuchomelea, ile yenye tundu la milimita 0.9. Gesi ikitoka hapo kwa kasi inavuta hewa yenyewe, huhitaji feni wala mvukuto. Regulata ni ya presha kubwa, ya wakaanga chipsi, maana ile ya jikoni kwako inapumua tu, haisukumi.

Ndani ndiko kulikokuwa na ugonjwa. Tanuri la gesi bila bitana ni bomba la kupasha moto mtaa mzima. Unavisha kuta blanketi la kauri, linafanana na sufi lakini linahimili nyuzi 1,260, mikunjo miwili ya milimita 25, halafu juu yake unapaka saruji ya moto, ile inayostahimili joto kali, ili moto usililambe na vumbi lake lisikuingie mapafuni. Langu lilikuwa zima mpaka nilipoanza kuunganisha vyuma viwili kuwa kimoja kwa nyundo. Kazi hiyo inataka boraksi, unga wa kusafisha vyuma ili vishikane, na boraksi ikiyeyuka inatafuna kauri. Ilidondoka chini kidogo kidogo, ikatoboa saruji, ikaingia kwenye blanketi, na siku moja naona tumbo la mtungi kwa nje limekuwa jekundu. Rangi ya kampuni ya gesi yote imebabuka.

Hapo Idi ya kuchinja inakaribia. Alhaji mmoja mwenye bucha alikuwa ameshaniagiza visu: vya kuchinjia, vya kuchunia, na vile vifupi vya kutolea mifupa. Kianzio alishatoa. Kianzio nilishakila. Hamna haja ya kuniuliza kilikwenda wapi, wenye watoto shuleni mnajua.

Blanketi nilipata, kipande kilichobaki kwa fundi mmoja anayejenga matanuri ya mikate. Saruji ya moto ndiyo iliyonishinda bei. Niliyokuwa nayo ilitosha kupaka mdomoni tu. Nikakaa kibarazani nimeshika tama, ndipo akapita huyu fundi jipsamu na mfuko wa plasta ya jipsamu uliobaki kwenye dari la mtu.

"Hii si unga mweupe tu kama hiyo yako?" akaniuliza.

Nikaingia mtandaoni. Nikamkuta mzungu mmoja mwenye ndevu anachanganya plasta na mchanga, anapaka kwenye ndoo, anawasha, anafua kisu, anacheka. Kuna video nyingine kumi zinazosema usithubutu. Hizo nilizipita haraka, nilikuwa nabana bando. Nikachanganya plasta, mchanga, na kaolini, ule udongo mweupe, kutoka Pugu, hiyo kaolini niliongeza kwa sababu ya uzalendo. Nikapaka. Nikalainisha kwa kijiko cha mke wangu. Jamani, lilipendeza! Ndani palikuwa peupe kama bafu la hoteli ya Posta, nikapiga picha, nikaiweka hapa hapa, na wengi wenu mkanipa mikono ya pongezi. Leo mnajifanya mlijua.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinanisubiri mle. Plasta ikishaganda inafungia maji ndani yake, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, hata ukiigonga ikalia kavu. Hayo ni yale maji yake halali. Ya kwangu ilikuwa na ya ziada, kwa sababu ilikuwa masika, nguo tu zilikuwa zinakaa kambani zinanuka uvundo, sembuse ukuta wa vidole viwili ndani ya mtungi. Na maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia sita ya ile ya mwanzo. Usipoyapa nafasi polepole kwa moto mdogo, yanajitafutia.

Mimi ni Mfipa. Babu zangu kule Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kupita mtu, yanayovuta upepo yenyewe bila mvukuto. Udongo mtupu! Hawakuwa na bando. Nikifikiria wananionaje huko waliko naishiwa nguvu.

Haya, jioni yenyewe. Alhaji alisema atapita baada ya alasiri aone kazi imefika wapi. Kazi haikuwa imefika popote, kwa hiyo nikaamua akute moto. Banda langu liko wazi pande tatu, upande wa nne ni ukuta wa jirani yangu mama vitumbua, naye siku hiyo alikuwa amekaa nje na beseni lake la unga uliokwisha umuka, anasubiri magharibi apate wateja. Pembeni yangu niliweka ndoo ya bati yenye mafuta ya kuzimishia visu. Ni mafuta ya chipsi yaliyotumika, nanunua kwa bei ya kutupa. Unayapasha kidogo kwanza, maana mafuta ya baridi ni mazito, hayapozi kisu sawasawa. Kwa hiyo yalikuwa ya uvuguvugu. Kumbukeni hiyo ndoo.

Mtungi wa kuendeshea ulikuwa wa mke wangu, wa jikoni. Alikuwa kwenye kikao cha kikoba.

Nikawasha. Bana ikanguruma vizuri. Nikaongeza presha kwa sababu Alhaji alikuwa anakatiza uwanja na kanzu yake nyeupe, nikataka akifika akute rangi ya chungwa. "Shikamoo Alhaji." "Marahaba, naona umepamba moto." Fundi jipsamu naye kafika, kaja kuona plasta yake, katoa simu. Mjumbe wetu wa shina alikuwa anapita zake akasimama. Nikajikuta nina hadhira. Mnajua mwanaume akipata hadhira anavyoharibika. Nikachukua kipande cha springi ya gari kwa koleo, nikakiingiza, nikaanza kufundisha. Nikawaeleza kwamba chuma hiki kikipita nyuzi 770 na kitu sumaku haikishiki tena, nikamwonyesha Alhaji na sumaku yenyewe niliyoitoa kwenye spika mbovu. Alhaji anaitikia kwa kichwa.

Tik.

Nilisikia. Sote tulisikia. Mama vitumbua aligeuka. Mvuke mweupe ukaanza kutoka mdomoni mwa tanuri, laini, unajikunja, na mimi, kwa sauti ya mtu aliyesoma, nikamwambia Alhaji: "Huo ni unyevu tu, unajitoa."

Tik. Tik-tik.

"Ni kawaida?" akauliza mjumbe.

"Kawaida kabisa, mzee." Na nikainama. Niliinama, jamani, uso wangu usawa wa mdomo wa tanuri, nikichungulia rangi ya chuma. Nikaona kwenye ule ukuta wangu mweupe mstari mwembamba unatembea kutoka juu kwenda chini. Nikajiambia ni nywele ya brashi. Niliwaza hivyo kabisa, kwamba brashi niliyonunua ni ya kichina inapukutisha. Kisha ule mstari ukafumbua jicho.

PAA!

Kipande cha plasta cha ukubwa wa chapati kilipita jirani na sikio langu la kushoto. Sikukiona, nilisikia upepo wake tu. Nyuma yangu nikasikia *chwaaaa*, kimeingia kwenye beseni la vitumbua. Mimi tayari nilikuwa hewani. Sijui ni nani aliyenirusha, miguu iliamua yenyewe bila kikao. Nilirudi kinyumenyume, kisigino kikagonga kile kipande cha reli ninachotumia kama fuawe (risiti ninayo), na kuanzia hapo dunia ilikwenda taratibu sana. Nikaona mabati ya banda. Nikaona mbingu kati ya mabati. Nikaona uso wa fundi jipsamu, na naapa, alikuwa anasogea kutafuta pembe nzuri ya kupigia picha. Na kichwani nikakumbuka kitu kimoja tu: ndoo.

Nikaiketia.

Nikaketi ndani kabisa, makalio yamezama, magoti yamegusa kidevu, miguu juu. Mafuta yaliyokuwa mle yakatafuta pa kwenda, nusu yakamwagika nje na nusu yakapanda mgongoni ndani ya shati. Ya uvuguvugu. Yananuka viazi vya wiki nzima. Kwa sekunde moja hivi nilijisikia vizuri, siwezi kuwadanganya. Ndipo nikajaribu kuinuka, na ndoo ikainuka na mimi.

PAA ya pili. Sasa kila mtu analala chini isipokuwa mimi, mimi nimekaa. Mtaani mtu akapiga kelele, "Radi! Mfipa katuma radi!" Mnaojua utani wetu mnajua hilo lina uzito gani kwa mtu wa Sumbawanga anayeishi Mbagala. Watoto wakaja mbio badala ya kukimbia. Bana bado inanguruma, vipande vinaruka, mimi natambaa na ndoo nyuma kuelekea kwenye valvu na siendi popote, mafuta yamefanya sakafu kuwa utelezi. Na mafuta na moto si ndugu, hilo nalo nalijua, nalifikiria huku nikiteleza.

Aliyeokoa watu wote ni mama vitumbua. Huyu mama anapika kwa gesi kila siku ya Mungu. Alikuja anatembea, hakukimbia, akanipita, akafunga valvu ya mtungi, akafunga na regulata, akaangalia tanuri mpaka likanyamaza. Kisha akanigeukia mimi kwenye ndoo yangu. Sehemu hii fundi jipsamu kaikata kwenye video.

"Baba," akasema, "unga wangu nani atalipa?"

Kunitoa ilikuwa shughuli ya wazee. Alhaji alishika mkono mmoja, mjumbe mwingine, vijana wawili wakashika ndoo. Wakahesabu. Nilitoka na sauti ambayo sitaiandika. Bukta haikutoka, ilibaki ndani ya ndoo. Mama vitumbua akanirushia khanga bila kutazama, na jina lililoandikwa kwenye ile khanga naliacha lilivyo. Kanzu ya Alhaji ina alama tano za vidole vyangu hadi leo. Alichosema ni, "Kijana, basi hata kimoja kiwe tayari." Nilipokuwa natembea kwenda bafuni, paka watatu walinifuata.

Mengine yalikwenda haraka. Kuungua, hapana, sehemu fulani iliwiva kidogo, nimepaka dawa, nakula nimesimama. Mke wangu alirudi akiwa ameshaona video, akaingia, akachukua mtungi wake, akautingisha kusikia kilichobaki, akaenda nao jikoni hajasema neno. Unga nimelipa, na mafuta, na sukari, na hiliki. Plasta nimeibandua yote, imetoka inapukutika. Chini yake blanketi liko zima, ndilo pekee lililonihurumia. Alhaji kaongeza kianzio ili ninunue saruji ya moto halisi, na hiyo nimeshaipaka, imekaa na balbu ya wati 60 ndani inawaka usiku na mchana ikauke polepole. Ikitoka hapo itapata moto mdogo wa dakika chache, izimwe, ipoe, iwashwe tena. Visu vitawahi. Anayetaka kuagiza anitumie ujumbe, ila stika za chipsi mayai nitamfungia mtu.

Mjumbe ndiye aliyenimaliza. Kaitisha kikao, kasema kwa usumbufu niliousababisha nitanoa bure mapanga na visu vya shina zima mpaka Idi ipite, na likaandikwa kwenye daftari. Tangu asubuhi wanaleta. Mapanga yako mlangoni yamelala rundo, kuna mashoka, kuna mkasi wa saluni, kuna jembe. Na sasa hivi ninavyoandika amesimama bibi mmoja na mbuzi yake ya kukunia nazi, anasema meno yamekufa, na ataka aisubiri hapa hapa.